Vifaa vya kupiga mbizi ukiwa Nairobi: cha kushika kwa mkono na cha kuagiza mtandaoni

Anayeishi Diani akitaka maski mpya huenda kituo cha mbizi kilicho jirani, akajaribu tano, akatoka na moja. Wa Nairobi hana bahati hiyo. Maduka ya michezo ya hapa jijini yana miwani ya kuogelea, snorkeli za likizo na mapezi mafupi ya bwawani. Regyuleta (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) au BCD (jaketi la kujaza hewa la kukuelesha) ya kweli ni nadra kuikuta rafuni. Kwa hiyo anayelinganisha "duka la karibu" na mtandao hapa kwa kweli analinganisha mtandao na vituo vya mbizi vya Pwani, kilomita karibu 480 kutoka mjini, pamoja na maduka machache ya Nairobi kwa vitu vidogo.

Wengi huanza na bei. Bei ije mwisho. Maswali yanayotangulia ni mawili: je, kitu hiki ni lazima kinikae mwilini sawasawa? Na kikianza kuvuja, ni nani atakayekifungua? Kinachokaa mwilini nunua pale unapoweza kukijaribu. Chenye kuhitaji fundi nunua kwa fundi, au angalau kwa idhini yake. Kisichohitaji chochote kati ya hayo, agiza popote ulimwenguni.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowadanganya watu. Bei unayoiona kwenye tovuti ya Marekani au Uingereza si bei ya kitu kikiwa mkononi mwako Nairobi. KRA hukokotoa kodi juu ya thamani ya bidhaa ikijumlishwa bima na usafiri. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35, na kiwango chako kinategemea msimbo ambao bidhaa itawekewa. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5, na tozo ya reli ambayo ilipandishwa hadi asilimia 2 mwishoni mwa 2024.

Chukua mfano wa vifaa vya dola 400 na usafiri wa dola 80. Thamani ya forodha ni dola 480. Tuseme vimeangukia asilimia 25: ushuru ni dola 120. VAT inapigwa kwenye 480 pamoja na 120, yaani dola 96. Ada ya tamko ni dola 12, tozo ya reli dola 9.60. Jumla ya kodi ni dola 237.60, na kile ulichokiona kwa dola 400 sasa ni dola 717.60, kabla kampuni ya vifurushi haijaongeza ada yake ya kukushughulikia mzigo. Ukifika hapo, bei ya kituo cha Diani uliyoiona ni ya wizi huenda isiwe wizi tena.

Halafu kuna uzito wa ujazo, mtego ambao kwa vifaa vyetu ni mbaya kuliko kodi yenyewe. Kampuni nyingi za vifurushi vya ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000, kisha zikatoza uzito ulio mkubwa kati ya huo na wa mizani. Boksi la mapezi la sentimita 70 kwa 30 kwa 20 linatoa kilo 8.4, ilhali mapezi yenyewe hayafiki kilo 3. BCD kwenye boksi la 60 kwa 40 kwa 25 inakuwa kilo 12 hata kama mizani inasema 4. Mwandikie muuzaji kabla hajafunga: BCD itolewe hewa yote, ikunjwe, mapezi yatolewe kwenye maboksi ya maonyesho. Wengine hukubali, wengine hawajibu hata barua pepe, na hilo nalo linakueleza huduma yao itakuwaje siku ya shida.

Usimruhusu muuzaji aandike "zawadi, dola 20" kwenye karatasi. Afisa wa forodha anajua regyuleta haiuzwi dola 20. Atakadiria thamani yake mwenyewe, mzigo utakaa ghalani, na gharama ya ghala itaendelea kuhesabiwa. Isitoshe, boksi likipotea bima italipa kile kilichoandikwa. Taka ankara halisi ndani ya boksi, kila kitu na bei yake, na namba ya mfululizo ya regyuleta au kompyuta ya mbizi (ile inayohesabu kina na muda).

Kuhusu malipo, kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay, iliyokuja 2022, inafanya kazi kwenye tovuti nyingi zinazopokea Visa. Hifadhi picha ya muamala na namba ya oda hadi mzigo ufike. Marejesho ya pesa hufuata njia ileile ya malipo, na ukiwa umebadilisha kadi katikati utajikuta unapigia simu watu watatu.

Maski

Hii usiiagize bila kuijaribu. Sura ya mtu haina saizi ya kuandikwa kwenye tovuti. Weka maski usoni bila kupitisha ukanda nyuma ya kichwa, toa nywele zote njiani, vuta pumzi kidogo kwa pua na uachie mikono. Ikishika na kubaki bila wewe kuendelea kuvuta, sketi ya silikoni (ukingo laini unaogusa uso) imekubali uso wako. Ikidondoka, au ukisikia hewa ikipenya pembeni mwa jicho au chini ya pua, iache hata kama ni nzuri namna gani. Kaza ukanda upendavyo, maski isiyokaa haitakaa. Ukanda ukikazwa sana hupindisha sketi na kuongeza kuvuja. Rudia jaribio na kishikio cha snorkeli (bomba la kupumulia) mdomoni, kwa sababu mdomo ukifunguka mashavu hubadilika. Wenye masharubu wapake vaselini kidogo juu ya mdomo au wanyoe sentimita moja chini ya pua.

Kioo kiwe kimeandikwa kuwa ni cha kukazwa kwa joto. Mara nyingi utaona herufi T au neno TEMPERED pembeni. Maski ya plastiki laini ya dukani kwa bei ya soda mbili ni ya bwawa. Na ile maski inayofunika uso mzima yenye bomba juu ya kichwa ni ya kuelea juu ya maji tu. Usiipeleke chini na mtungi, huwezi hata kubana pua vizuri kusawazisha masikio.

Maski mpya ina utando wa silikoni kwenye kioo uliobaki kutoka kiwandani, na huo ndio unaoleta ukungu siku ya kwanza. Paka dawa nyeupe ya meno isiyo ya jeli, sugua ndani ya kioo kwa kidole dakika kadhaa, suuza, rudia mara mbili tatu. Mbinu ya kiberiti cha gesi watu huionyesha mtandaoni; inafanya kazi, lakini sekunde moja ya ziada imeshakula silikoni.

Anayevaa miwani ya macho asikate tamaa. Kuna maski zenye vioo viwili vinavyotolewa na kubadilishwa kwa vioo vya kurekebisha macho, vinavyouzwa kwa hatua za nusu dayopta. Hapo njia nzuri ni mchanganyiko: jaribu fremu Pwani, andika jina la modeli, kisha agiza vioo peke yake mtandaoni. Ni vyepesi, ni vidogo, na boksi lake halina ujazo wa kukuumiza.

Mapezi na buti huendana. Pezi la kisigino wazi linajaribiwa ukiwa umevaa buti yenyewe, ya milimita 3 au 5, si soksi. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Simama kwa vidole, kidole gumba kisigonge ukuta wa mfuko. Kwa maji yetu, yenye nyuzi kama 24 au 25 mwezi Agosti na 29 hadi 30 mwezi Machi, wetisuti ya milimita 3 inatosha watu wengi. Jedwali la saizi la chapa ya Kiitaliano na la Kimarekani haviko sawa, kwa hiyo kama ni lazima uagize, pima kifua, kiuno, nyonga na kimo kwa utepe na ufuate jedwali la chapa ile ile, sio herufi M uliyoizoea kwenye fulana. Ikiwa mpya inabana kiasi cha kukusumbua kupumua, si ya kuzoea. Irudishe. Na hapo ndipo utakapogundua kwamba kurudisha wetisuti Ulaya kunaweza kula nusu ya bei yake.

Regyuleta: nunua pamoja na fundi

Hapa ndipo ninaposhikilia msimamo wangu hata mtu akinionyesha punguzo la asilimia 40. Regyuleta si kitu unachonunua mara moja. Chapa nyingi hutaka ikaguliwe kila mwaka na ifunguliwe kwa sevisi kamili kila mwaka mmoja au miwili, au baada ya mbizi 100 hivi. Kwenye sevisi hubadilishwa oringi (pete za mpira za kuziba) zote, kiti (kizibo cha valvu) cha presha ya juu na kiti cha hatua ya pili, ile sehemu ya mdomoni; hatua ya kwanza ndiyo inayofungwa kwenye mtungi. Watengenezaji wengi hawauzi seti ya spea hizo kwa mtu yeyote. Huuza kwa fundi aliyepewa mafunzo na kibali cha chapa yao. Ukinunua chapa ambayo hakuna fundi wake Mombasa wala Diani, umenunua kitu cha kupanda ndege kila sevisi.

Kwa hiyo piga simu kwanza. Uliza vituo viwili au vitatu vya Pwani: mnasevisi chapa gani, spea zake mnazo sasa hivi au mnaagiza, na inachukua muda gani? Jibu la "tunasevisi zote" lisikutoshe. Taka wataje modeli. Ukishapata chapa mbili ambazo spea zipo, chagua kati ya hizo. Baada ya hapo unaweza kumwuliza kituo bei yake, na umwonyeshe bei ya mtandao bila aibu. Mara nyingi hawezi kuifikia, lakini anaweza kukupa sevisi ya kwanza, mipangilio ya hozi, na kubadilishiwa kitu kibovu bila kupitia forodha mara mbili.

Kama utaagiza mtandaoni, soma masharti ya waranti. Baadhi ya chapa hukubali waranti tu ikiwa muuzaji ni wakala wao aliyeidhinishwa, na tovuti zenye bei ya kutupa wakati mwingine huuza bidhaa halali zilizopita njia ya pembeni, zikiwa na waranti ya duka badala ya ya kiwanda. Duka likiwa Florida na wewe uko mtaa wa Umoja, Nairobi, waranti ya duka ni karatasi.

Mambo ya kuangalia kwenye maelezo ya bidhaa ni machache lakini hayana mjadala. La kwanza ni mdomo wa kufungia mtungi. Yoki hukumbatia valvu kwa nje na mwisho wake ni presha ya bar 232. DIN hujifunga kwa uzi ndani ya valvu, nyuzi tano kwa bar 232, saba kwa bar 300. Mitungi ya kawaida ya watalii ni ya alumini ya lita 11.1 inayojazwa hadi bar 207, na mingi hukutana na yoki bila shida. DIN ni muungano ulio imara zaidi, ila nunua adapta ya yoki pamoja nayo na ujue adapta inasukuma hatua ya kwanza nyuma, inakugonga kisogo. Uliza kituo unachokwenda mara nyingi kina valvu gani kabla ya kulipa.

La pili ni alama. Regyuleta iliyojaribiwa kwa kiwango cha Ulaya ina EN250. Herufi A ikifuata, EN250A, maana yake imejaribiwa pia ikitumika na oktopasi (hatua ya pili ya akiba), watu wawili wakipumua kutoka hatua moja ya kwanza. Ikiongezwa ">10°C" haikusudiwi maji ya baridi, na kwa bahari yetu hilo si tatizo hata kidogo. Usilipie zaidi kwa ajili ya kinga ya barafu.

Hozi hazina siri. Tundu za presha ya chini kwa kawaida ni uzi wa inchi 3/8, za presha ya juu 7/16, kwa hiyo hozi nzuri kutoka duka lolote inaingia. Hizi, pamoja na vishikio vya mdomo, klipu na kinga za hozi, ni vitu bora vya kuagiza mtandaoni.

Kifurushi kikifika Nairobi huna mtungi wa kujaribia. Kuna jaribio moja lisilohitaji mtungi. Funga kifuniko cha vumbi vizuri kwenye hatua ya kwanza, weka hatua ya pili mdomoni, vuta pumzi polepole. Usipate hewa hata kidogo. Kishikio kivutike kwenye meno na kibaki hivyo. Hewa ikipita, kuna mahali panaponyonya: valvu ya kutolea pumzi imekunjwa au ina chembe ya mchanga, kiwambo (utando wa mpira wa ndani) hakikukaa, au kifuniko cha vumbi chenyewe hakizibi, basi kizibe kwa dole gumba ujaribu tena. Fanya vivyo hivyo na oktopasi. Chini ya maji, palepale panapopitisha hewa sebuleni ndipo patakapopitisha maji ya chumvi kooni.

Ukifika kwenye mtungi, funga geji ndogo ya presha ya kati kwenye hozi ya BCD. Regyuleta nyingi hukaa kati ya bar 9 na 10. Bonyeza kitufe cha kutoa hewa mara kadhaa, kisha tazama sindano dakika tano. Ikitulia, kiti cha presha ya juu ni kizima. Ikipanda pole pole bila kusimama, kiti kimechoka, na ndiyo sababu ya ule mlio wa "sssss" kwenye hatua ya pili ambao watu hujaribu kuunyamazisha kwa kuzungusha nobu.

BCD na kompyuta

BCD ivae ukiwa umevaa wetisuti, uijaze hewa mpaka valvu ya usalama ipige. Mbavu zisibanwe. Iliyotoka mtandaoni ijaze kwa mdomo usiku, uiache hadi asubuhi. Nairobi mwezi Julai usiku una baridi, kwa hiyo kulegea kidogo ni kawaida. Ikiwa imenywea kabisa, pitisha maji ya sabuni kwenye kila valvu ya kutolea hewa na kwenye shingo ya hozi uone mapovu. Mara nyingi ni kifuniko cha valvu kilichofungwa nje ya uzi, na dakika moja inatosha.

Kompyuta ndiyo kitu cha kuagiza bila wasiwasi. Haina saizi, ni nyepesi, modeli ni zilezile duniani. Chagua yenye betri unayoibadilisha mwenyewe, kama CR2032 au CR2450, na uagize oringi za kifuniko mbili za akiba. Ikiwa mtu anakuletea kutoka nje, aibebe kwenye mzigo wa mkononi kwa ajili ya betri ya lithiamu.

Jambo moja linawahusu watu wa Nairobi kuliko wa Mombasa: mwinuko. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kompyuta nyingi hujirekebisha zenyewe, lakini baadhi ya Suunto za bei nafuu, kama Zoop Novo, huwekwa kwa mkono: A0 hadi mita 300, A1 hadi 1,500, A2 hadi 3,000. Ukifanya mazoezi kwenye bwawa la hapa ni A2. Ukishuka Pwani irudishe A0. Ukiisahau kwenye A2 baharini itakupunguzia dakika bure. Kinyume chake ndicho cha hatari.

Na mwinuko huohuo unakusubiri ukirudi. Mapendekezo ya DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, ni kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi nyingi kabla ya kupanda mwinuko wa zaidi ya mita 600 hivi kwa ndege. SGR na basi la Nairobi vinakupandisha mara tatu ya hapo. Mbizi ya asubuhi Jumapili na treni ya mchana ni mpango mbaya.

Mtungi usinunue kabisa kama unaishi hapa. Ni mzito, unahitaji ukaguzi wa ndani kila mwaka na jaribio la presha ya maji kila miaka mitano, na ndege haiupokei ukiwa umejaa. Kompresa ya panchari haiwezi hata kuanza: inatoa bar 8 au 10, na hewa yake ina mafuta. Vilevile vizito vya madini ya risasi vya mkandani. Vituo hukopesha, na kusafirisha risasi kwa kilo ni kuchoma pesa.

Cha mitumba

Wageni wanaohama Nairobi huuza seti nzima kwa bei nzuri, na hii ndiyo njia ya tatu ambayo watu husahau. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Fungua kifuniko cha hatua ya kwanza uangalie kile kichujio cha shaba kwa tochi. Kikiwa cha rangi ya fedha au kijivu safi, vizuri. Kikiwa na kijani, maji ya chumvi yameingia ndani. Nyekundu ya kahawia ni kutu ya mtungi wa chuma. Kunja hozi kwenye maungio. Nyufa ndogo kama za ngozi kavu zinamaanisha hozi mpya. Fanya jaribio la kuvuta hewa lililoelezwa juu. Kisha ondoa kwenye bei gharama ya sevisi kamili, maana utaifanya hata muuzaji akiapa kwamba ilitoka kwa fundi mwezi uliopita.

Kupeleka regyuleta kwa fundi si lazima usafiri. Zungusha hozi kwa duara pana bila kukunja, kifuniko cha vumbi kikiwa kikavu na kimefungwa, weka kwenye begi lenye sponji na utume kwa vifurushi vya basi la usiku. Tuma Julai au Agosti, kusi bado inavuma na mafundi wana nafasi. Oktoba bahari ikianza kutulia kila mtu anakumbuka regyuleta yake siku moja, na spea ambayo haiko rafuni inaagizwa nje kwa forodha ileile.